Njiwa Achelewaye Njiani



Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za njiwa, na hasa habari za njiwa mmoja ambaye wafugaji hawapatani juu yake. Ni yule aliyepelekwa mbali kushindana na wenzake; wenzake wakarudi mapema, naye akarudi jua likichwa, au kesho yake, au baada ya siku tatu. Je, mwenyewe amfuge tena, au amwondoe kizimbani? Swali hili huulizwa kila mwaka katika nchi kama Ubelgiji, Uholanzi na Uingereza, ambako mashindano ya njiwa yalienea tangu karne ya 19 kati ya wachimba makaa na mafundi wa viwanda.

Labda mtu atasema, "Sisi hatushindanishi njiwa, habari hii yatufaa nini?" Yatufaa kwa sababu mbili. Njiwa manga tuwaonao juu ya mapaa ya nyumba zetu ni wa jamii moja na njiwa hao wa mashindano; asili yao wote ni njiwa wa porini akaaye katika majabali. Tena, kila afugaye mnyama, na kila afundishaye watoto, hana budi siku moja kumhukumu yule aliyekuja nyuma. Basi yafaa tujue namna ya kuhukumu.

Kwanza tueleze mashindano yenyewe. Njiwa akiwa kinda wa yapata siku saba huvishwa pete mguuni, na pete hiyo haina kiungo. Mguu ukisha kukua haitoki tena. Juu yake pameandikwa herufi za nchi, mwaka na namba yake. Wakati wa mashindano njiwa hutiwa katika matenga, hupakiwa katika motokaa, na kupelekwa mahali palipochaguliwa. Asubuhi matenga yote hufunguliwa kwa wakati mmoja, na kila njiwa huruka kwenda kizimbani kwa bwana wake. Lakini vizimba haviko mahali pamoja. Kimoja ki karibu na kingine ki mbali. Kwa hiyo atuaye kwanza huenda asiwe mshindi. Huchukuliwa umbali wa safari ya kila njiwa, ukagawanywa kwa dakika alizotumia njiani.

Wanafunzi na wachukue kalamu. Njiwa wa kwanza kwao ni kilometa 300, naye amefika kwa dakika 300. Basi mwendo wake ni meta 1,000 kila dakika. Njiwa wa pili kwao ni kilometa 315, naye amefika kwa dakika 310. Mwendo wake wapata meta 1,016 kila dakika. Huyu wa pili ametua dakika kumi nyuma ya mwenzake, walakini ndiye mshindi. Hapo mwaona kwamba hata neno "kuchelewa" lataka kupimwa kabla ya kutamkwa.

Wako wafugaji ambao hukumu yao ni kali. Njiwa aliyechelewa hawampi nafasi ya pili; humwuza au humchinja. Nao wana sababu zao, wala si sababu za kipumbavu. Mtama, mahindi na kunde hununuliwa kwa fedha. Kizimba kikijaa mno, hewa huharibika na maradhi huenea. Tena njiwa mvivu akizaa, watoto huweza kurithi uvivu wake, na baada ya miaka michache bwana amekuwa na kizimba kizima cha ndege wasiojua haraka. Wazee wetu walisema, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Watu hawa wameushika mkono mmoja wa hekima.

Lakini wazee hao hao walisema pia, "Kawia ufike." Methali hizi mbili hazigombani, kila moja ina mahali pake. Kazi ya mfugaji ni kujua leo yuko mahali gani, naye hatajua asipouliza: huyu amechelewa kwa nini?

Na tutazame sababu. Ya kwanza ni upepo na mvua. Njiwa mwenye nguvu huweza kwenda kilometa 60 au zaidi kwa saa moja, bali upepo ukimjia usoni hupungua sana. Ya pili ni adui. Kozi akilipiga kundi angani, njiwa hutawanyika, na mmoja huweza kujificha mtini mpaka usiku. Ya tatu ni nyaya za simu na za umeme, ambazo humkata kifua au bawa. Ya nne ni hali ya mwili wake: ana maradhi ya koo au ya tumbo, au yumo katika kunyonyoka manyoya makubwa ya mabawa, naye bwana hakumchungua kabla ya kumtia tengani.

Ya tano ni jambo ambalo wataalamu wamelichunguza kwa bidii, yaani namna njiwa aijuavyo njia. Imeonekana kwamba hutumia jua kama dira. Njiwa waliofungiwa katika chumba ambacho taa zake ziliwashwa na kuzimwa saa sita mbele au nyuma ya wakati wa kweli, walipofunguliwa nje walielekea kando, kadiri ya robo ya duara, kwa kuwa saa iliyo ndani ya mwili wao ilikuwa imepotoshwa. Mwaka 1971 mtaalamu William Keeton wa Marekani alieleza jinsi alivyowafunga njiwa vipande vidogo vya sumaku. Siku za jua walikwenda vizuri. Siku za mawingu mazito wengi walipotea. Kwa hiyo yaelekea kwamba jua likifichwa, njiwa huzitumia nguvu za sumaku za dunia. Wataalamu wa Italia nao, tangu mwaka 1972, wameonyesha kwamba harufu ichukuliwayo na upepo humsaidia. Na karibu na kwao hufuata alama za nchi, hata barabara kuu. Basi ndege huyu hutegemea mambo mengi, na lolote likiharibika, yeye huchelewa pasipo kosa lake.

Tuna ushahidi mkubwa wa jambo hili. Tarehe 29 Juni 1997 chama cha mashindano ya njiwa cha Uingereza kilisherehekea kutimiza miaka 100. Njiwa wapata 60,000 walifunguliwa Nantes, katika nchi ya Ufaransa, warudi kwao Uingereza. Maelfu kwa maelfu hawakuonekana tena, na wengi waliorudi walichelewa mno. Baadaye mtaalamu mmoja alitoa maoni kwamba huenda walipotezwa na mshindo wa eropleni ya Concorde, iliyokuwa ikiruka upesi kupita sauti, nayo ilipita wakati njiwa walipokuwa wakivuka bahari. Ikiwa ndivyo au sivyo, mtu aliyemchinja njiwa wake kwa kuchelewa siku ile alimchinja ndege aliyefanya kitu ambacho wenzake wengi walishindwa kukifanya: alirudi.

Sasa twataka mkumbuke njiwa mmoja jike aliyeitwa Winkie. Mwezi wa Februari mwaka 1942, katika Vita Vikuu vya Pili, eropleni ya Kiingereza iliyokuwa ikitoka Norwe ilipata madhara, ikaanguka katika Bahari ya Kaskazini. Askari wake wanne waliingia katika mashua ndogo ya mpira, katika baridi kali, wala watu wa pwani hawakujua mahali walipo. Siku zile eropleni nyingi zilichukua njiwa kwa ajili ya hatari kama hiyo. Winkie akapata njia, akaruka hali manyoya yake yameloa mafuta ya mtambo. Alisafiri yapata maili 120 mpaka kwao, karibu na mji wa Dundee katika nchi ya Scotland, akafika amechoka kabisa, wala hakuwa na barua yo yote mguuni. Bwana wake akawapasha habari wakubwa wa jeshi la anga.

Wakubwa wale walifanya nini? Walifanya hesabu. Walijua wakati eropleni ilipoanguka, na wakati njiwa alipofika. Wakaupima upepo, wakafikiri jinsi mafuta yalivyomzuia kuruka, wakapata kujua ni sehemu gani ya bahari alikotoka. Wakapeleka watafutaji huko, na wale watu wanne wakaokolewa. Kama wangalitazama ukawivu wake tu, wasingalipata neno lo lote. Waliuliza kwa nini amekuja saa ile na katika hali ile, na jibu likaponya roho za watu. Mwaka 1943 Winkie alikuwa mmoja wa njiwa watatu wa kwanza kupewa nishani ya Dickin, ambayo Bibi Maria Dickin aliianzisha mwaka ule ule kwa wanyama waliotenda mambo ya ushujaa. Mpaka mwaka 1949 njiwa 32 walikuwa wameipata.

Tena yatupasa kujua kwamba njiwa wote hawakuumbwa kwa safari moja. Wengine ni wepesi wa mwendo mfupi. Wengine huonekana wazito katika kilometa 100, lakini wakipewa safari ndefu hawachoki wala hawakati tamaa. Yako mashindano makubwa ya kutoka Barcelona katika Hispania, ambayo kwa njiwa wa Ubelgiji ni safari ya kilometa 1,000 na zaidi. Walio wengi hulala njiani, wakafika siku ya pili au ya tatu, na mabwana zao huwapokea kwa furaha. Mfugaji akimwondoa kila aliyekawia katika safari fupi, huenda amemwondoa yule aliyefaa kwa Barcelona.

Pia kuna ucheleweshaji utokao nyumbani. Njiwa amefika mapema, ametua juu ya paa, lakini haingii kizimbani, na mpaka aingie hahesabiwi. Hili mara nyingi ni kosa la malezi. Hakuzoezwa kuitwa kwa kutikisa kopo la nafaka, au amelishwa mno, au ameogopa kwa sababu bwana wake humkamata kwa ukali kila arudipo. Kumhukumu kwa hayo ni kumpiga mtoto kwa somo ambalo hakufundishwa.

Basi tufanyeje? Twashauri hivi.

Siku arudipo, usimkaripie wala kumkimbiza. Mpe maji safi, na nafaka kidogo kidogo, umwache apumzike. Akisha kutulia, mshike polepole, umtazame koo, macho, kidari, mabawa na kinyesi chake. Jeraha na maradhi vitajieleza.

Kisha andika katika daftari: namba ya pete, mahali alipofunguliwa, hali ya hewa, saa wenzake walipofika, saa yeye alipofika, na alivyoonekana. Kichwa cha mtu hukumbuka hasira kuliko mambo yalivyokuwa. Daftari hukumbuka mambo.

Ikiwa ni njiwa mchanga katika mwaka wake wa kwanza, usimhukumu kwa safari moja wala mbili. Bado ajifunza, na pengine alifuata kundi la wageni mpaka akazinduka peke yake. Aliyelala nje usiku mmoja na kupata njia kwa akili zake amejifunza jambo ambalo mwenzake aliyerudi katikati ya kundi hakulijifunza.

Lakini ikiwa ni njiwa mzima, mwenye afya, naye achelewa tena na tena katika safari fupi, siku za jua na upepo mwema, na wenzake wote wamekwisha kufika, hapo daftari limesema, nawe usilipinge kwa huruma. Usimpeleke tena mashindanoni, maana utampoteza au ataliwa na kozi. Usimzalishe kwa ajili ya mashindano, wala usimwuzie mwenzako kwa kumsifu uongo. Walakini kuacha kumshindanisha si lazima kuwe kumchinja. Njiwa wengi wasiofaa kwa mbio hulalia vizuri mayai ya wengine, siku 18 au karibu nazo, dume na jike kwa zamu, wakalea makinda kwa uaminifu. Kazi hiyo nayo ni kazi.

Na siku moja akitua kwako njiwa mgeni mwenye pete, amechoka, jua kwamba mahali fulani yuko mtu anayetazama mbingu. Mpe maji na mtama, usome pete yake, na kama huwezi kumpata mwenyewe, mwache apate nguvu aende zake. Kumchinja mgeni aliyekuja kuomba maji si desturi yetu kwa watu, wala isiwe desturi yetu kwa ndege.

Basi, wasikilizaji wetu, jibu letu ni hili: njiwa aliyechelewa mara moja afugwe, achunguzwe, aandikwe, aliyechelewa mara nyingi pasipo sababu apewe kazi nyingine. Hukumu ije baada ya swali, si kabla yake.