Kuchora Ukiuguza Mguu Nyumbani

Leo nazungumza nawe uliyeanguka na bodaboda, au uliyegongwa ukivuka barabara, ukatoka hospitalini na mguu umefungwa plasta. Umeambiwa ukae nyumbani hadi mfupa uungane. Mfupa mkubwa wa mguu huenda ukachukua miezi mitatu au zaidi, na kwa mtu aliyezoea kutoka alfajiri kutafuta riziki, hiyo ni miezi mirefu sana.

Juma la kwanza wageni hujaa nyumbani. Kufikia juma la tatu wamerudi kwenye shughuli zao, nawe umebaki na dari. Unahesabu mabati, unahesabu madeni, unakumbuka lile gari lilivyokujia. Usiku hulali, mchana unasinzia. Hapo ndipo wengine huanza kumtuma mtoto sigara, au kuomba waletewe kikombe cha chang'aa ili mawazo yapungue. Nikwambie wazi: sigara huchelewesha mfupa kuungana, na mlevi mwenye magongo ni rahisi kuanguka tena.

Mimi nakupendekezea penseli. Usicheke kwanza.

Tarehe 17 Septemba 1925, mjini Mexico City, basi alilopanda msichana wa miaka 18 aitwaye Frida Kahlo liligongana na tramu, yaani gari la abiria lipitalo kwenye reli. Uti wa mgongo, nyonga na mguu wake vilivunjika. Alikaa kitandani kwa miezi. Mama yake akaagiza atengenezewe ubao wa kuchorea unaoweza kutumiwa na mtu aliyelala, na kioo kikawekwa juu ya kitanda. Kwa kuwa hakuweza kwenda popote, alichora kilichokuwa karibu kuliko vyote: uso wake mwenyewe. Sitakudanganya kwamba rangi zilimponya. Maumivu yalimwandama hadi alipofariki mwaka 1954. Lakini siku zake za kulala zilipata kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane duniani.

Wala hiyo si habari ya msichana mmoja tu. Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ilionyesha kuwa kuchora, kuimba na sanaa nyinginezo zaweza kumpunguzia mgonjwa wasiwasi na huzuni, zikiandamana na matibabu. Nasema zikiandamana. Usiache dawa wala kliniki.

Sasa utachora nini, nawe huvuki kizingiti? Omba usaidiwe kufika mlangoni. Keti, mguu uweke kwenye stuli nyingine juu ya mto, kwa sababu mguu unaoning'inia huvimba. Kila baada ya muda chezesha vidole. Kisha tazama: jerikeni la maji, kamba ya nguo, kuku wa jirani, mama mboga chini ya mwavuli wake. Chagua kimoja. Ukimchora kuku, lazima umtazame shingo na miguu, na ukimtazama hivyo huwezi wakati huohuo kuhesabu madeni. Picha ikitoka vibaya, hakuna mwalimu wa kukupiga. Daftari la shilingi chache latosha. Hata mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita ni karatasi nzuri. Kipande cha makaa kilichopoa nacho huchora, ila nawa mikono kabla ya kula. Ukipata rangi, tumia zile za maji. Rangi za mafuta na tapentaini zina mvuke unaoumiza kichwa, hasa katika chumba kimoja kisicho na dirisha, na zisikae karibu na jiko.

Uchoraji usikusahaulishe mguu wenyewe. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, au maumivu yakizidi ndani ya plasta, rudi hospitalini siku hiyohiyo, usingoje kliniki. Ukivimba na kuuma nyama ya nyuma ya mguu, au kifua kikakubana ghafla, usingoje hata saa moja. Na kama kwa majuma mawili hulali, huli, au umeanza kutamani kufa, mwambie mhudumu wa afya ya jamii au daktari bila aibu.

Nawe mama, au mke, unayemuuguza: asubuhi kabla hujaenda sokoni, mtolee kiti, stuli na mto, umwekee penseli iliyochongwa. Akikuonyesha picha yake jioni, usimuulize ni nini. Muulize alikuwa wapi huyo kuku.