Orodha Moja, Programu Tatu



Mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga, nilikuwa natunza programu tatu za kompyuta: ya wakulima wa kahawa, ya zahanati na ya wavuvi. Zote zilitumia orodha moja ya wilaya na vijiji, nami kwa uvivu niliinakili mara tatu. Nilirekebisha mbili, ya zahanati nikaisahau. Watoto wa Liuli wakaendelea kuhesabiwa Mbinga, na chanjo zao zikapanda milimani.

Siku hizi orodha hiyo ina hazina yake peke yake katika Git, chombo alichokibuni Mfini Linus Torvalds mwaka 2005. Programu haitunzi nakala yake, bali hutaja toleo inalolitumia. Narekebisha pahali pamoja, kisha kila programu naihamishia toleo jipya baada ya kuijaribu. Vijana wangu hunung'unika kwamba kazi hii ya pili inachosha. Kweli inachosha! Lakini sitaki badiliko la wavuvi liiangushe zahanati usiku.

Kila badiliko hubaki na jina la mtu na tarehe. La kwanza kabisa ni langu: Liuli, kutoka Mbinga kwenda Nyasa.