Sanduku la Kumbukumbu ni Amana: Maneno ya Kamati Siku ya Ukumbusho



Tumepewa nafasi tueleze habari ya sanduku la kumbukumbu. Wengi mnalifahamu, maana mmeweka humo vyeti vya ubatizo, hati za mashamba, picha za marehemu, na hata mbao za endara zilizobebwa kichwani mpaka daraja la Mpondwe. Sasa wengine wanauliza: vitu hivi ni vya nani? Swali ni la haki, na jibu letu ni fupi. Ni vyenu. Kamati ni mlinzi tu.

Kazi hii si ngeni katika nchi iliyotupokea. Pale Bwera, katika miaka ya 1950, mwalimu wa shule ya msingi, Isaya Mukirane, aliunda na wenzake chama cha kuchunguza maisha na historia ya Bakonzo. Wakati ule Bakonzo walikuwa chini ya ufalme wa Toro, na habari zao walizitunza wazee vichwani. Wazee hao waliwakumbuka Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli, waliouawa na serikali ya kikoloni mwaka 1921. Mwaka 1954 Mukirane alizunguka milimani pamoja na kijana Mwingereza, Tom Stacey, wakijifunza maisha ya watu huko.

Baadaye kazi ya historia ikaingia katika siasa. Tarehe 30 Juni 1962 Mukirane na wenzake walitangaza kwamba Rwenzururu imejitenga na Toro. Yeye alifariki mwaka 1966, na mapatano ya amani yalipatikana mwaka 1982. Serikali iliutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009, lakini Novemba 2016 watu zaidi ya 100 waliuawa Kasese, wengi wao ikulu iliposhambuliwa.

Hatusemi haya kufufua ugomvi. Tunasema kwa sababu kuna mafunzo mawili ndani yake. La kwanza: msipoandika habari zenu wenyewe, wengine wataziandika wapendavyo, au hazitaandikwa kabisa. La pili: karatasi yenye majina ya watu, siku ya amani ni historia, siku ya fujo yaweza kuwa njia ya kumtafuta mtu. Anayetunza karatasi za wenzake anatunza na usalama wao.

Nasi tumekwisha kukosea. Msimu mmoja wa mvua tuliacha mfuko wa karatasi chini, juu ya udongo. Mchwa wakala hati ya shamba ya mama mmoja mjane, na nakala hatukuwa nayo. Mama yule hakutugombeza. Alituuliza tu, "Sasa wanangu wataonyesha nini?" Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna.

Tangu siku ile tumeweka utaratibu huu:

1. Kila kitu kinachopokelewa huandikwa katika daftari: namba yake, ni kitu gani, kimetoka kijiji gani, nani amekileta, na nani apewe mwenyewe asipokuwepo. Mwenye kitu hupewa karatasi yenye namba ile ile.

2. Namba huandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi, kwa sababu wino husambaa ukipata maji. Hatutumii gundi wala selotepu, na pini zenye kutu tunazitoa.

3. Sanduku hukaa juu ya matofali, mbali na ukuta, na hufunguliwa kila mwezi kuangalia mchwa na unyevu.

4. Kila hati hupigwa picha mbele ya mwenyewe. Picha hazitumwi kwa mtu yeyote bila ruhusa yake.

5. Orodha za majina na barua za siri hukaa katika bahasha iliyofungwa. Funguo ni mbili, kwa watu wawili. Mmoja peke yake hafungui.

Juu ya endara tuseme neno. Wachezaji wanajua kwamba mbao hizo hulazwa juu ya migomba na kupigwa kwa mpangilio wake. Mpangilio ukipotea, zinabaki kuni. Kwa hiyo mzee aliyezileta alizipanga mbele yetu, tukatia kila ubao namba, na vijana wawili wanajifunza kwake kuzipiga. Kitu bila maelezo ya mwenyewe ni nusu ya kitu. Vitu vya ibada za ukoo hatuvionyeshi mpaka wazee wa ukoo wakubali.

Ndugu wa mashirika, tunawashukuru. Tunaomba masanduku ya bati mawili, madaftari na penseli. Tunaomba pia kwamba anayetaka kuandika habari zetu achukue nakala, na karatasi ya asili ibaki hapa na mwenyewe.

Nanyi wenzetu, njoni na karatasi zenu za namba mlinganishe na daftari. Anayetaka kuchukua kitu chake atapewa bila kuulizwa sababu. Siku tukirudi nyumbani, tunataka sanduku hili libaki tupu, na kila mtu awe amebeba chake mkononi.