Mtu wa Watu



Katika mazishi ya mama aliyependwa, hukosi kumsikia mmoja akisema, "Marehemu alikuwa mtu wa watu." Kisha viti vinakusanywa, nasi twaenda zetu. Leo natamani tumkumbuke mama mmoja wa namna hiyo, Katharina von Bora, mke wa Martin Luther wa Ujerumani.

Alizaliwa mwaka 1499, akapelekwa katika nyumba ya watawa angali mtoto. Usiku wa kuamkia Pasaka mwaka 1523 alitoroka pamoja na wenzake katika gari la mfanyabiashara, na tarehe 13 Juni 1525 akaolewa na Luther. Mwanzoni bwana huyo hakudai kwamba moyo wake unawaka kwa mapenzi. Mapenzi yalikua humo humo nyumbani.

Nyumba yenyewe ilikuwa makao ya zamani ya watawa wa kiume, mjini Wittenberg, yenye vyumba vingi, na Katharina alivijaza watu: wanafunzi wapangaji, yatima wa jamaa zao, wageni wa kila namna, hata wagonjwa wakati wa tauni ya mwaka 1527. Alifuga ng'ombe na nguruwe, akalima bustani, akapika bia (msishtuke, wapendwa, kwao kilikuwa kinywaji cha mezani). Wala hakuwa mtu wa kujificha jikoni. Wasomi walipojadiliana juu ya Maandiko, naye alitia neno lake. Mumewe alimtania katika barua, akimwita bwana wake, akimwita mama wa soko la nguruwe. Na Waraka kwa Wagalatia, alioupenda mno, aliuita Katharina wake. Ni wazee wangapi wa kanisa mliopata kuwasikia wakimsifu mke hivyo mbele ya wageni?

Lakini sifa za mezani hazimlishi mjane, na Luther alilijua hilo. Mwaka 1542, akiwa hai na mwenye akili timamu, aliandika wosia kwa mkono wake mwenyewe. Alimwachia mkewe mali, akaeleza kwamba hataki mama atazame mikono ya watoto, bali watoto watazame mikono ya mama. Sheria ya nchi yao haikuwa hivyo, naye hakufuata utaratibu wa wanasheria, ambao hakuwapenda. Ninyi mliokwisha kuona ndugu wa marehemu wakihesabu ng'ombe kabla udongo wa kaburi haujakauka mnaelewa kwa nini nalitaja jambo hili.

Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546, mbali na nyumbani, na Katharina hakuwapo. Mtawala wa Saxony aliukubali wosia ule, lakini mama aliyekuwa akiendesha nyumba nzima akawekewa walezi wa kisheria. Kisha vita vikaja, akakimbia mara mbili, na mashamba yakaharibiwa. Aliporudi alipangisha vyumba tena. Marafiki wachache walimsaidia, lakini mama huyu aliyekuwa amelisha watu wengi hivyo ikambidi amwandikie Mfalme wa Denmark kuomba msaada.

Mwaka 1552 tauni iliingia tena Wittenberg. Akiwa njiani kwenda Torgau na watoto wake, farasi walishtuka, naye akaruka garini akaanguka mtaroni penye maji baridi. Aliugua majuma mengi, akafariki tarehe 20 Desemba. Amezikwa huko Torgau, kanisani.

Tuombe.

Ee Baba, twakushukuru kwa ajili ya wake zetu ambao milango yao haikufungwa kwa mgeni. Mkumbuke mume anayesikiliza asubuhi hii, na kiti cha pili mezani ni kitupu. Mkumbuke na mama mjane, ambaye zamani tulikunywa chai yake, na njia ya kwenda kwake sasa imeota majani. Utupe miguu ya kwenda kwake leo, kabla ya jioni. Katika jina la Yesu. Amina.