Kidonda Kinachopona na Kufunguka Tena: Jinsi Bakteria Wanavyojificha Ndani ya Mfupa

(Maandishi ya mazungumzo ya afya kwa wakazi)



Kijana wa boda boda huvunjika mguu, mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Hospitalini huoshwa, hutiwa vyuma na kupewa dawa. Kidonda kinafunga, kijana anarudi kazini. Baada ya miezi kadhaa, ngozi inavimba palepale, tundu linafunguka na usaha unaanza kuvuja. Nyumbani watu wanauliza nani amemroga. Hakuna aliyemroga. Bakteria hawakuondoka; walikuwa wamejificha.

Ugonjwa huu huitwa osteomielitisi, yaani maambukizi ya mfupa. Mara nyingi unaletwa na bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye watu wengi wenye afya njema hubeba puani bila kuumwa. Shida huanza akipenya hadi ndani.

Mwili una askari wake, seli nyeupe za damu, ambazo humeza bakteria. Lakini bakteria huyu ana ujanja. Kwanza, ana protini inayozishika kingamwili kwa upande usiofaa, hivyo zile alama zinazowaonyesha askari adui yuko wapi zinakosa kazi. Pili, hugandisha umajimaji wa damu ukawa ukuta, naye akakaa katikati ya jipu kama mtu aliyejifungia bomani. Tatu, kwenye chuma au kipande cha mfupa uliokufa, hujenga utando wa ute. Mfupa mfu hauna mishipa ya damu, na pasipo damu askari hawafiki wala dawa haifiki vizuri. Ndiyo maana wakati mwingine vidonge pekee havitoshi, na daktari wa upasuaji hulazimika kukwangua na kutoa kipande hicho.

Wengine huingia ndani ya seli zenyewe zinazojenga mfupa na kupunguza kasi ya kukua. Dawa nyingi huua bakteria anayekua na kugawanyika. Huyu aliyelala zinampita. Na mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walieleza jambo la ajabu zaidi: bakteria hawa, ambao kwa kawaida ni duara kama shanga, walionekana wamejinyoosha na kujipenyeza katika vijifereji vya mfupa vilivyo vyembamba kuliko wao. Seli nyeupe, iliyo kubwa zaidi ya mara kumi, haiwezi kuwafuata humo.

Hapo ndipo panapoeleweka kwa nini matibabu huchukua wiki nne hadi sita, na wakati mwingine zaidi. Mgonjwa huona maumivu yamekwisha wiki ya pili, nauli ya kwenda hospitali nayo ni mzigo, basi anaacha. Waliolala wanaamka.

Kwa watoto, ugonjwa mara nyingi huja kwa njia ya damu bila jeraha lolote kubwa, na hupenda ncha za mifupa mirefu ya mguu, karibu na goti. Mtoto ana homa, anachechemea au anakataa kabisa kukanyaga, na akiguswa pahali pamoja analia. Huyo hapaswi kukandwa. Afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kabla mfupa haujaanza kufa. Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu, mhudumu aambiwe mapema, kwa sababu kwake bakteria wa Salmonella pia huweza kushambulia mfupa, na dawa huenda ikawa nyingine.

Wapo wanaolalamika daktari anapotaka kipimo cha mfupa wenyewe ilhali usaha unaonekana nje. Usaha wa juu hukutana na bakteria wa ngozini, na mara nyingi hautaji yule aliye ndani. Ni heri pia sampuli ichukuliwe kabla ya kumeza dawa zilizonunuliwa dukani, kwa kuwa dawa hizo huweza kumficha maabara isimwone.