Kengele ya Pickering

Jumapili, Januari 12, 2020, saa moja na nusu asubuhi ikikaribia, simu za wakazi wa Ontario, Kanada, zililia kwa pamoja: kuna tukio katika mtambo wa nyuklia wa Pickering, karibu na Toronto. Halikuwepo. Mtumishi wa zamu aliyekuwa akijaribu mfumo alituma tahadhari ya kweli. Hilo nalisamehe, kuteleza si kuanguka. Nisichokimeza ni kwamba kosa liligunduliwa mapema, lakini ujumbe wa kulikanusha kwenye simu ulichukua dakika 108, maana utaratibu wa kufuta haukuwa wazi. Katika siku mbili, wakazi waliwasilisha maombi zaidi ya 32,000 ya vidonge vya iodini, vinavyokinga tezi ya shingoni. Kwa kawaida yalikuwa mia moja, mia mbili kwa mwezi.