Nywila Iliyosahaulika

Aliyesahau nywila ya kompyuta yake ya Windows asiharakishe kumpa fundi ayafute yote yaliyomo, kwani ikiwa akaunti yake ni ya Microsoft, aweza kuibadili nywila hiyo kwa simu yenye intaneti, madhali angali na namba au barua pepe aliyoisajili, na ikiwa ni akaunti ya mashine yenyewe tu, yale maswali ya siri aliyoyajibu hapo awali (wengine, ole wao, huyajibu kwa mzaha!) ndiyo yatakayomfungulia. Ama diski iliyofungwa kwa BitLocker (ulinzi wa diski wa Windows), hiyo yaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, ambao pasi nao hata fundi hodari hayasomi yaliyomo. Basi uandikeni karatasini mapema, muuhifadhi mbali na kompyuta.